Miti ya Mama kwenye Barabara ya Beni

Jumanne, tarehe tisa mwezi wa saba 2002, saa moja ya asubui, mama mukubwa alishika panga akaenda nyuma ya nyumba yetu ya Butembo, pale babu yangu, baba yao, amezikwa, akakata fimbo moja ya muti wa mupaka. Mama mukubwa ni dada mukubwa wa mama yangu. Mimi nilisimama nyuma yake na kitunga. Alikata kwa mushazari, mara moja tu, akafunga sehemu ya chini na majani ya ndizi yenye kulowana, akasema: "Hii njo itamulinda mudogo wangu. Ngoja nivae viatu, kamio ya mizigo isituache."

Muti huu una majani marefu na magumu, na shina lake linasimama wima kama mutu aliyeitwa na mwalimu. Kwetu unapandwa pahali pawili tu, kwenye mupaka wa shamba na juu ya kaburi, na sababu ni moja: haufi. Ukate fimbo, uitupe juani juma nzima, kisha uichomeke kwa udongo, itashika tu. Musalaba wa mbao unaliwa na muchwa, lakini muti huu hauliwi na kitu.

Mama yangu alikuwa na musalaba wa mbao.

Alikufia Beni wakati wa kwaresima, kwa homa, katika nyumba ya rafiki yake wa biashara. Siku zile vita ilikuwa imefunga njia, kamio haikupita, basi walimuzika kulekule. Sisi tulipata habari wakati alikuwa tayari chini. Tulifanya kilio bila maiti. Watu walikuja, wakakaa, wakala maharagwe, wakasema rozari, na hakukuwa kitu cha kuangalia. Mimi niliangalia mulango. Kisha, mwisho wa mwezi wa sita, yule rafiki akatuma habari kwa kinywa cha dereva mumoja: misalaba inaanguka kule makaburini, watu wanazikwa kila siku, na wachimbaji wanachimba popote hawaone alama. "Bakuye mbio na muti wao," alisema. "Bakichelewa, hata miye sitajua tena iko wapi."

Njo sababu ya safari. Lakini mimi nilikuwa na safari yangu nyingine ndani ya ile.

Mama alikuwa anachukua viazi na puaro, vile vitunguu vya majani marefu, za Kipese, wakati mwingine maharagwe ya Kanyabayonga, anapeleka Beni, anarudi na mawese na muchele. Wakati wa vakanse, shule ikifungwa, nilimusindikiza, tukikaa juu ya magunia. Alikuwa na pahali pake kwenye ile njia. Pale kwenye chemchem, kamio inaposimama kupewa maji, alikuwa ananawa uso na kufunga upya kitambaa cha kichwa. Pale juu ya mulima, mbele ya muteremuko, alikuwa ananunua muhindi wa kuchoma kwa mama mumoja, wanatukanana na kucheka mpaka dereva anapiga honi. Na chini, kwenye daraja ya mbao, alikuwa anafunga macho na kusema Salamu Maria, kwa sababu ile daraja ilikuwa inalia. Nilifikiri: mama hakuishi Beni. Aliishi njiani. Kaburi moja haimutoshi.

Basi wakati mama mukubwa alikuwa anavaa viatu, nilikata fimbo zingine tatu, moja kwa kila pahali pake, nikazificha chini ya ile yake ndani ya kitunga. Na tangu kilio nilikuwa nimeficha kitambaa chake cha kichwa, kile cha kijani chenye maua ya njano alichoacha nyumbani, ndani ya mufuko wa shule. Nilikuwa nimekipasua vipande, kila kipande cha kuzika chini ya fimbo moja. Sikumuambia mama mukubwa. Mimi ni mutu wa kushindwa kusema. Darasani mwalimu akiuliza, jibu ninalijua, ninaliandika na kidole juu ya paja, na mwingine analisema.

Kwenye chemchem mambo yalikuwa rahisi. Dereva alishuka na bidoni yake ya maji, watu wakaenda kujisaidia, na mimi nikachimba na kijiti nyuma ya jiwe. Nikaweka kitambaa, nikachomeka fimbo, nikakanyaga. Nilitaka kusema kitu kwa mama lakini kulikuwa mubaba karibu anapiga mswaki. Nikarudi juu ya magunia na udongo ndani ya makucha, na moyo wangu ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu kwaresima.

Juu ya mulima tulikuta barieri, njia imefungwa.

Zamani haikuwa pale. Kamba ya katani, mitungi miwili, kibanda cha shitingi ya plastiki, na basoda, askari wenye bunduki, wanaota jua. Walituambia tungoje: chini ya muteremuko watu walisikia risasi alfajiri, na njia itafunguliwa wakati komanda atataka. Tulishuka wote. Yule mama wa muhindi alikuwa palepale, na jiko lake, lakini nilimupita bila salamu. Niliona haya. Niliogopa ataniuliza "Mama yako iko wapi?" na nitalia mbele ya watu wa kamio. Nilipita nyuma ya mugongo wake mpaka pembeni ya shamba moja ya maharagwe, kwenye ukingo wa njia, nikachimba mbio, nikazika kitambaa, nikachomeka fimbo ya pili. Ilisimama vizuri. Nikarudi kukaa karibu na mama mukubwa, ambaye alikuwa anasema rozari na kuangalia bunduki.

Haikupita muda, tukasikia mutu anapiga kelele. Ni mubaba mumoja, jembe kwenye bega, na mukononi fimbo yangu imeng'olewa, udongo ukiwa bado unaanguka.

"Nani amepanda hii?"

Akaizungusha mbele ya macho ya watu.

"Nauliza: nani amepanda hii mu shamba yangu? Munafikiri niko kipofu? Jana haikuwa!"

"Muzee," dereva akamuambia, "sisi tuko bapita njia. Nani atapanda mupaka mu shamba ya mutu na yeye anaenda kuuza puaro Beni?"

"Ah, njo vile banafanyaka! Batajiri ya Butembo banatuma mutu na kamio, anashuka sawa mutu wa kukojoa, anapanda muti, anaenda. Kisha mwaka moja banakuya na makaratasi ya bureau: 'Muone, muti wetu uko pale, shamba ni yetu.' Ndugu ya baba yangu alipoteza shamba vile! Mais miye, hapana! Miye nitakufa na hii jembe mu mukono!"

Kila mutoto wa kwetu anajua kwamba muti ule ni wa kaburi na ni wa mupaka. Nilijua pia. Lakini tangu kilio kichwa changu kilikuwa na kaburi tu, ile ingine ilikuwa imetoka. Nilifungua kinywa. Mama mukubwa, bila kunitazama, akasema kwa sauti ya chini: "Unyamaze. Haituhusu."

Komanda akatoka ndani ya kibanda. Alikuwa mutu wa mbali, wa jimbo lingine, shati yake imepigwa pasi hata kule juu ya mulima. Alizungumuza Lingala, na Swahili yake ilitembea kama mutu mwenye kuvaa viatu vya mwingine.

"Nini wana? Kuna nini pale?" Akachukua fimbo kwenye mukono wa yule mubaba, akaigeuza. "Hii ni nini?"

"Ni mupaka, shefu. Banapanda mupaka mu shamba yangu."

"Mupaka. Mimi naona muti. Bale ya mu pori, banaweka majani mu njia, banaambiana: pita hapa, piga pale. Leo asubui banapiga risasi kule chini. Na leo asubui, muti inasimama pembeni ya barieri yangu. Hii ni alama?"

Yule mubaba sauti yake ikabadilika mara moja. "Hapana, shefu, haiko alama. Ni mambo ya shamba tu."

"Shamba ya nani na nani? Muko na matata ya shamba? Nitakata hayo matata miye mwenyewe."

Nikaona yule mubaba anashusha jembe. Soda akianza kukata matata ya shamba, shamba inabaki ya soda. "Hakuna matata, shefu," akasema. "Hata kidogo. Muti ni muti tu."

Lakini ilikuwa tayari imechelewa. Komanda aliita vijana wake, wakapanda juu ya kamio. Walishusha mizigo moja moja. Wakafika kwenye kitunga chetu. Wakafungua majani ya ndizi, wakatoa fimbo mbili zilizobaki, wakaziweka chini karibu na ile ya shamba. Zote tatu zilikatwa kwa mushazari, sawasawa. Hata kipofu angeona ni ndugu.

"Kitunga ya nani?"

"Yangu," mama mukubwa akasema, akasimama.

"Na hii miti?"

"Ni moja, shefu. Nilikata moja tu. Ni ya kaburi ya mudogo wangu kule Beni."

"Moja. Hapa naona mbili. Na hii ingine, tatu. Mama, kwenu munahesabu namna gani?"

Mama mukubwa aliinama juu ya kitunga. Niliona midomo yake inahesabu. Kweli hakuelewa. "Shefu, mimi ni mama wa kanisa, naimba ndani ya kwaya..."

"Hata bashetani banaimba," soda mumoja akasema, na wengine wakacheka.

"Mumupeleke kwa kambi," komanda akasema. "Atahesabu kule. Kamio inabaki hapa."

Sasa watu wetu wa kamio, wale tulikula nao ndizi njiani, wakaanza. "Mama, sema tu ukweli!" "Puaro yangu inakauka, mama, ni jua hii!" "Mumuone, na rozari mu mukono!" Soda mumoja akamushika mama mukubwa kwenye kiwiko, hakumuumiza, alimushika sawa vile unashika mbuzi ya mutu mwingine. Watu waliopelekwa kambini siku zile, wengine walirudi, wengine hawakurudi. Na mama mukubwa njo mutu pekee alikuwa amebaki kunisuka nywele.

"Ni miye," nikasema.

Hakuna mutu alisikia. Nilisema tena. Mama wa muhindi njo aligeuka. "Munyamaze kwanza! Huyu mutoto anasema kitu."

"Alobi nini? Anasema nini?" komanda akauliza. Akainama mpaka nikasikia harufu ya sabuni yake.

"Ni miye nilipanda. Ni ya mama yangu. Alikufa."

"Mama yako haiko huyu?"

"Huyu ni mama mukubwa."

"Mama yako alikufia hapa?"

"Hapana. Beni."

"Alikufia Beni, na unapanda hapa. Juu ya nini, sababu gani?"

Nilitafuta jibu lenye akili, la mutu aliyesoma sekondari. Ninalo sasa, mengi hata. Pale nilipata moja tu. "Alikuwa anakulaka muhindi hapa."

Basoda walicheka mpaka mumoja akaacha bunduki kwenye muti ili ashike tumbo. Komanda hakucheka. Alituma kijana na panga. "Uende uchimbe pale ilikuwa. Uone nini iko chini."

Nilikuwa nimesahau kitambaa.

Kijana alirudi akikibeba kwenye ncha ya panga, mbali na mwili wake, kilikuwa kimekunjwa na kujaa udongo. "Shefu! Fetishi!"

Watu wote wakarudi nyuma. Mutu akafanya ishara ya musalaba. Yule mubaba wa shamba, ambaye alikuwa anajaribu kuondoka taratibu, akapata nguvu tena: "Si nilisema? Si nilisema? Balitaka kuniua na batoto yangu! Dawa mu shamba yangu!" Hata dereva, ambaye alitutetea, akahama upande mwingine wa kamio. Nikafikiri: sasa imeisha. Mupaka unaweza kusamehewa, alama labda, lakini hii hapana.

Hapo mama mukubwa akauondoa mukono wa soda kwenye kiwiko chake, kama mutu anaondoa jani, akatembea mpaka kwenye panga. Akachukua kile kitambaa. Akakikunguta. Akakifungua, akaona maua ya njano.

"Hiki kitambaa," akasema.

Kisha akanigeukia.

"Hiki kitambaa nilikitafuta tangu kilio! Nilimutukana bibi ya kaka yangu juu yake! Nilimuita mwizi mbele ya mapadri! Hatusalimiane tena, nikimuona sokoni napita kwa njia ya wauza nyama! Na weye ulikuwa pale, unaniangalia, unakunywa chai!" Akanipiga nacho kwenye kichwa. Udongo ukaniingia machoni. "Ni miye nilimununulia! Siku ya ndoa yake! Nilisema nikitangulia kufa atanizika, akitangulia yeye nitabaki na kitambaa! Na umekipasua! Umekipasua, weye!" Alinipiga tena na tena na kile kipande, kisichoweza kuumiza hata inzi, na alikuwa analia kwa sauti ambayo hakulia hata siku ya habari.

"Mama," komanda akasema.

"Ngojea, shefu! Na huyu miye hapana maliza!"

Soda mumoja akaanza kucheka kidogokidogo, si kama ile ya kwanza, akasema kwa Lingala: "Shefu, tika ye. Mama na nga aza ndenge moko." Maana yake: umuache, mama yangu iko vile vile. Woga ukavunjika, hata watu wa kamio wakapumua. Nilielewa ile hasira njo imetuokoa. Mutu anaweza kudanganya juu ya kaburi, juu ya rozari, juu ya kwaya. Lakini hasira ile ya kitambaa hakuna mutu wa kuitunga.

Mama wa muhindi alikuwa ameacha jiko. Alishika ncha ya kitambaa kwa vidole viwili, akakiangalia.

"Ni yule wa puaro?" akauliza. "Yule mwenye kinywa?"

Mama mukubwa akaitika kwa kichwa.

"Nilifikiri amepata mwingine wa kumutukana." Alikaa chini kabisa, katika vumbi, na muhindi uliungua, hakuutazama. Kisha akaniambia, bila kelele: "Na ulipita nyuma yangu. Ungeniambia, mama. Ningekupa pahali hapa, karibu na jiko. Ningemwagia maji."

Niliangalia vidole vya miguu yangu.

Komanda hakuwa mutu mubaya sana, sitasema hivyo, lakini hakuwa mutu wa kurudisha neno. "Kwetu," akasema, "mutu akikufa tunalia, tunazika, inaisha. Mama, chukua mutoto yako. Mais hapa kwangu hakuna mutu anapanda kitu pembeni ya njia." Akaamuru wakate zile fimbo. Mama mukubwa alipiga magoti. "Shefu, ya njia mukate. Mutuachie moja tu, ya kaburi. Watamuchimbua." Komanda hakumuangalia hata. Kijana alizikata na panga vipande vidogo, sawa muhogo wa kupika, akavitupa kwenye korongo. Mutu wa kwetu angejua kwamba kila kipande kile kinaweza kushika na kuota. Lakini nani angeshuka korongoni kuvifuata mbele ya bunduki?

Ile ya shamba yule mubaba alikuwa ameiokota na kuishika chini ya kwapa. Hakutuamini. "Hii inabaki na miye," akasema. "Nitaionyesha kwa shefu wa kijiji." Akaenda nayo.

Njia ikafunguliwa baadaye kidogo. Tuliteremuka, na kwenye daraja ya mbao kamio haikupunguza hata mwendo. Mama mukubwa alikuwa amefunga kile kipande kwenye kifundo cha mukono wake. Alijua pia pahali pa mama kwenye njia, akaniuliza: "Na kule kwenye chemchem, uliacha ingine?"

"Ndiyo."

Alifikiri. "Kule iko maji," akasema.

Kule Beni rafiki wa mama alitupokea na ugali, lakini hatukukaa kuula. Alitupeleka makaburini jua likiwa bado juu. Misalaba ilikuwa imelala kama fimbo za maharagwe baada ya mavuno. Yeye alitembea mbele, akasimama. "Ni hii." Kisha akarudi nyuma hatua moja. "Hapana. Ngoja." Mama mukubwa alinishika mukono kwa nguvu. Rafiki aliinama, akatafuta kati ya majani, akaona tofali nusu. "Ni hii. Niliweka tofali kwenye kichwa chake. Zilikuwa mbili, moja bameiba."

Karibu na miguu ya mama, mwisho wa kaburi, kulikuwa mashimo mapya matatu, na kamba iliyofungwa kwenye vijiti, kupita juu ya mama yangu kabisa. Muchimbaji alikuwa anakunywa maji chini ya kivuli cha ukuta.

"Huu mustari nauchimba kesho," akatuambia. "Hapa hakuna alama, hakuna mutu."

"Kuna mutu!" rafiki akasema. "Nilimuleta miye na mikono yangu!"

"Mama, hapa bote banasema vile. Mulete alama. Tofali haiko alama, tofali banajengea nyumba."

Tulirudi, na wamama wawili wakagombana njia nzima. Rafiki alitaka tukate muti wowote hapo Beni. Mama mukubwa alikataa: muti wa kaburi lazima utoke kwetu, pale baba yao amelala, ukipanda wa watu wengine, ni sawa kumuita mutu na jina ya mwingine. Alisema atamuomba muchimbaji angojee, atarudi mwezi wa nane na fimbo nzuri. "Mwezi wa nane?" rafiki akamuambia. "Mwezi wa nane utaipanda juu ya mwanaume wa watu." Mama mukubwa akalia. Hakubadilisha neno. Akasema ataenda misa ya asubui, Mungu atamupa shauri.

Asubui, kengele ilipolia, alijifunga kitenge akaenda. Nilingoja apite kona. Kisha nikachukua kisu cha jikoni.

Nyuma ya nyumba ya rafiki kulikuwa lupango mbili, viwanja vya majirani, na kati yao mustari wa miti ile, mirefu, mizuri. Muti wa mupaka haukatwi kwa upande mumoja. Lazima pande zote mbili ziitike. Niligonga mulango wa kwanza. Mama mumoja akatoka na mutoto mwenye povu la sabuni.

"Naomba fimbo moja ya mupaka wenu," nikasema. "Ni ya kaburi."

"Paaza sauti, mama, sikusikie."

Nikapaaza. Nikasema yote: mama yangu, tofali, kamba, kesho ambayo sasa ilikuwa leo. Aliniangalia, akapangusa povu. "Miye nakubali. Mais yule wa kule, tangu mbuzi yake ilikula mboga yangu, hatusemi. Uende mwenyewe."

Kwenye mulango wa pili alikuwa mwalimu, mutu wa jimbo lingine, na kitabu chini ya mukono. Hakuujua ule muti. "Haya majani? Chukua yote, binti, yananiziba njia."

"Asichukue yote!" yule mama akapiga kelele kutoka upande wake. "Moja! Ni mupaka, mwalimu, haiko maua!"

"Moja basi, mama, moja," mwalimu akajibu, na akashika tawi ili nikate vizuri.

Nilikata kwa mushazari. Nikasema "wasingya", asante ya kwetu, kwa huyu, na "asante, mwalimu" kwa yule, nikakimbia.

Muchimbaji alikuwa amefika. Alikuwa amevua shati na alikuwa ananyoosha kamba yake. Mimi nilipiga magoti kwenye tofali, nikachimba na kisu na vidole, nikachomeka fimbo mpaka kwenye kifundo cha kwanza, nikakanyaga udongo pande zote na kisigino. Sikuweka kitu chini. Alikuja akasimama juu yangu na jembe lake.

"Ni nani?" akauliza.

Nikamuambia majina ya mama yote, la ubatizo na la kwetu.

Aliutikisa muti kwa mukono mumoja kuona kama umeshika. Kisha akang'oa kijiti chake, na mimi nikashika ncha ingine ya kamba, tukaihamisha pamoja mpaka upande wa pili wa miguu ya mama.